Samoni wangu bado pinki, ameiva au hajaiva?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Mtwara, huku Shangani, napikia wageni kwenye kagesti ka jirani yangu. Juzi mgeni kaja na samoni kutoka Dar, vipande vinne kwenye boksi la barafu, akasema nimkaangie tu na siagi na limau. Mi nimezoea nguru, nguru akiwa mweupe unajua basi kaiva. Huyu nikabandua kidogo nione, bado pinki, nikaacha, nikaangalia tena bado pinki, nikaacha tena, kama dakika 20 na kitu, mara yakaanza kutoka madude meupe kama maziwa yaliyokatika, nikasema jamani huyu samaki ana usaha! Mgeni kala nusu akasema mkavu. Vipande viwili bado viko friza. Sasa anaiva lini huyu?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, ila hapo kwenye usaha nimecheka peke yangu. Ungemngoja awe mweupe kama nguru gesi ingeisha na yeye bado pinki. Rangi yake haiondoki, inafifia tu. Unawajua wale kamba wa feri, wabichi wanakuwa kijivujivu halafu wakiingia kwenye sufuria wanageuka wekundu? Ni rangi hiyohiyo, inaitwa astaksanthini. Kwa kamba imeshikwa na protini haionekani mpaka moto uiachie, samoni yeye anakula vidudu vya jamii ya kamba huko baharini na rangi inakaa kwenye nyama yake, kwa hiyo yeye ana rangi tangu mbichi.

Sasa usiangalie pinki, angalia mng'ao. Samoni mbichi anang'aa, nyama kama inapitisha mwanga, chungwa iliyokolea. Akiiva mng'ao unakufa, inakuwa pinki iliyopauka. Na ukimkaanga ngozi chini utaona kwa macho yako, chuchumaa kidogo umtazame kwa ubavu, ile pinki iliyopauka inapanda kutoka chini taratibu kama maji yanavyopanda kwenye kanga iliyogusa beseni. Ikifika kama theluthi mbili, mgeuze, dakika moja au mbili, basi. Kipande cha unene wa sentimita 2 na nusu kwa moto wa wastani ni kama dakika 10 jumla, sio 20! Mkia ni mwembamba unaiva mapema, ukate uuweke baadaye.

Kuhakikisha, chukua uma uingize pale palipo nene kabisa (sio pembeni, pembeni panadanganya), zungusha kidogo. Nyama ikiachana yenyewe kwa kufuata ile mistari myeupe, ameiva. Iking'ang'ania na kung'aa, bado. Ikiwa katikati kabisa kumebaki kamng'ao kadogo tu, epua, funika dakika 3 hivi, joto lililobaki litamalizia.

Yale madude meupe ni albumini, protini tu, kama ute wa yai ukiganda. Nyama ikibanwa na moto inaikamua nje. Ikitoka kidogo ni kawaida, futa na tishu upakue, ikitoka nyingi ujue moto ulikuwa mkali au umepitiliza, na kwako naona vyote viwili. Ukimloweka kwenye maji ya chumvi dakika 10 kabla, inapungua.

Kuhusu joto, Wamarekani wanasema ndani ifike 63°C. Wapishi wengi wa hotelini wanaepua kwenye 50 na kitu, ndo maana samoni wao ni laini hivyo, ila wewe unapikia watu usiowajua, mara mjamzito, mara mzee, mara mtoto, bakia kwenye 63. Kipimajoto cha jikoni kinakufaa sana hapo. Hivyo viwili vya friza vihamishie kwenye friji vilale humo usiku mzima, usiviyeyushe juani.

SWALI: Mimi wa Lindi. Nimeona samoni wa aina mbili, mmoja mwekundu kabisa, mwingine wa chungwa ana mistari myeupe. Mwekundu ndo freshi zaidi?

JIBU: Hapana, hiyo ni aina tu. Mwekundu sana mara nyingi ni sockeye wa Pasifiki. Wa chungwa mwenye mistari ya mafuta ni wa Atlantiki, na wengi wanafugwa, Norwei hasa, wanatiliwa astaksanthini kwenye chakula maana bila hiyo nyama ingekuwa kijivu. Wapo hata samoni weupe kwa asili, baadhi ya wale wanaoitwa Chinook, na ni wazima kabisa. Ufreshi unusie na ubonyeze kama unavyofanya kwa changu. Ila sockeye hana mafuta mengi, anakauka haraka, kwa hiyo huyo muwahi kumuepua.