Usaili wa chumba cha habari: wanaoandika vizuri wanaangukia wapi

Mkuu umeuliza kwa nini mwandishi mwenye miaka mitano kazini, ambaye habari zake zinasomwa, anaitwa usaili kwenye vyombo vitatu na vyote vinamwacha. Nimekaa upande wa meza wa wanaosaili na kusahihisha karatasi za majaribio yao, kwa hiyo najibu kutokea huko.

Wengi hujiandaa kwa maswali ya mdomo: jieleze, kwa nini tukuajiri, unajiona wapi baada ya miaka mitano. Hapo waandishi wachache sana huanguka, kuongea wanajua. Wanaangukia kwenye vitendo, kwa sababu wanaingia kama wanafunzi kwenye mtihani, wakati kilichowekwa mezani ni kazi ya siku ile imefupishwa.

Chukua jaribio la kuandika. Mara nyingi unapewa taarifa ghafi ya kurasa mbili na dakika 45, utoe habari ya maneno 300 pamoja na kichwa chake. Taarifa hiyo imetegwa. Utakuta imeandikwa kwamba ajali ilitokea Jumatano, Machi 14, 2024 na kujeruhi watu 47, wanaume 29 na wanawake 16. Machi 14, 2024 ilikuwa Alhamisi. Ishirini na tisa na kumi na sita ni 45. Jina la kamanda limeandikwa kwa namna moja aya ya pili na kwa namna nyingine aya ya sita. Mwenye lugha nzuri ananakili yote matatu kwa Kiswahili kitamu. Mwingine anaona kasoro, lakini anazirekebisha kimyakimya na kuandika 45. Huyu wa pili ananitisha zaidi. Huenda wawili waliobaki ni watoto ambao jinsia yao haikutajwa, huenda ni hesabu ya asubuhi na ya jioni zimechanganywa. Yeye hajui, ameamua tu.

Kinachotakiwa ni hiki: andika "zaidi ya watu 40", iache siku kando ubaki na tarehe, kisha juu ya karatasi mwandikie mhariri mistari miwili: "Mchanganuo wa majeruhi haujakaa sawa na jumla, siku na tarehe hazilingani, jina la kamanda lina tahajia mbili. Nahitaji kumpigia kabla haijatoka." Mistari hiyo ina alama nyingi kuliko aya ya kwanza ya habari yako. Tenga dakika kumi za mwanzo kusoma taarifa na kalamu mkononi, jumlisha kila tarakimu, zungushia kila jina. Kuandika kubaki na dakika 25, kumi za mwisho ni za kulinganisha ulichoandika na ulichopewa.

Mtego mwingine wa tarakimu ni asilimia. Riba ikitoka asilimia 10 kwenda 12 imepanda kwa pointi mbili za asilimia, au kwa asilimia 20 ya ilivyokuwa. Ukiandika "imepanda kwa asilimia mbili" umekosea, na kwa habari za uchumi kosa hilo peke yake linatosha kukuacha.

Halafu tuhuma. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka ni mshtakiwa. Mpaka mahakama imtie hatiani huna ruhusa ya kumwita mwizi, hata kama polisi wamemwita hivyo kwenye taarifa yao, na kichwa cha habari hakina msamaha kwa sababu ni kifupi. Kwa mtoto aliyefanyiwa ukatili watahiniwa wengi wanaficha jina na kujipongeza, kisha wanataja jina la baba, kijiji na darasa analosoma. Kijiji kizima kimeshamjua. Ficha kila kitu kinachoweza kuunganishwa.

Kwenye vyombo vinavyotumia habari za mashirika ya nje kuna jaribio la tafsiri, na hapa saa zetu ndizo zinazoangusha watu. Habari inasema tukio lilikuwa saa 22:30 za GMT siku ya Jumanne. Ongeza saa tatu: kwetu ni saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumatano. Nimesahihisha karatasi zilizoandika "saa 22:30 usiku", "saa 4:30 usiku Jumanne" bila kusema kwa saa za wapi, na hata "saa 1:30 usiku", ambayo msikilizaji wa Afrika Mashariki anaielewa kuwa ni jioni baada ya magharibi. Fanya mazoezi ya hesabu hii mpaka iwe haikuchukui sekunde tano. Vyeo navyo vinahitaji ujue nchi husika: waziri wa mambo ya nje wa Marekani kwa Kiingereza anaitwa "Secretary of State", "secretary" kwa kawaida ni katibu, na anayetafsiri neno kwa neno anampa cheo ambacho hakipo. Georgia, amua kwanza kama ni nchi au jimbo la Marekani.

Kwa redio, omba dakika tano na karatasi kabla ya kuingia studio. Isome kwa sauti, si kwa macho, maana ulimi hugundua jina gumu ambalo macho yaliliruka. Weka mkwaju (/) mahali pa kuvuta pumzi. Mdomo ukae kama shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni na pembeni kidogo, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Usifunue karatasi hewani, isogeze pembeni bila kuiburuta. Kuchanganya "r" na "l", na kusema "selasini" badala ya thelathini, hakurekebishwi asubuhi ya usaili. Jirekodi kila siku kwa wiki tatu au nne, usikilize bila kujihurumia.

Sasa suala linaloniuma zaidi. Jopo linashika habari yako kubwa ya uchunguzi na kukuuliza, kwa sauti ya kirafiki kabisa, "Hii nzuri sana, hizi nyaraka alikupa nani?" Mtahiniwa anataka kuonyesha ana mtandao, anataja ofisi, wakati mwingine anataja na cheo. Usaili umeishia hapo. Mtoa nyaraka aliyemwamini yuko kazini bado, na watu watano wa jopo, ambao mtahiniwa amekutana nao leo kwa mara ya kwanza, wameshamjua. Eleza ulivyothibitisha: ulikuwa na nyaraka mbili, ukazilinganisha na kumbukumbu ya wazi, ukampa anayetajwa vibaya kwenye habari muda wa kujibu. Kuhusu mtu sema, "Hilo nilimuahidi sitalisema." Wakikubana mara ya pili, rudia vilevile.

Swali la bahasha, au mshiko, linakuja karibu kila mahali. Umeenda kwenye mkutano, mwandaaji anagawa Sh20,000 za nauli. Anayejibu "sijawahi kuona mshiko" anaonekana mwongo, kila mtu mezani amewahi kuuona. Sema wazi kwamba unaujua, unaurudisha, unamjulisha mhariri siku hiyohiyo, na kwamba nauli ni jukumu la chombo kilichokutuma. Kama ulikuwa korespondenti wa kulipwa kwa habari, una haki ya kuuliza hapohapo nani atagharamia usafiri wako.

Ukiambiwa ulete mawazo matatu ya habari, usilete "ajira kwa vijana". Hiyo ni mada. Wazo la habari lina kitu kilichobadilika, mahali, nyaraka, mtu anayepaswa kujibu na tarehe. Kwa Tanzania, ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) humfikia Rais mwishoni mwa Machi na kuingia bungeni Aprili: chagua halmashauri moja, hoja moja ya ukaguzi ambayo haijafungwa, sema utaenda kuona mradi upi na utamuuliza nani.

Kwa ajira za vyombo vya umma kupitia Sekretarieti ya Ajira, watu wanarudishwa mlangoni kabla hata ya kushika kalamu. Nenda na vyeti halisi, kitambulisho, na majina yalingane kila mahali. "Statement of results" na "provisional results" hazikubaliwi. Waandishi tuna tatizo letu la ziada, jina la hewani au la kalamu halifanani na la cheti. Omba barua ya mhariri wako wa zamani inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja. Viungo vya habari zako navyo hufa tovuti zikibadilishwa, kwa hiyo hifadhi nakala za PDF zenye tarehe.

Mapokezi taja jina lako lote, nafasi na idara. Si jambo dogo. Mei 8, 2006 Guy Goma, kutoka Congo-Brazzaville, alikuwa amekaa mapokezi ya BBC London akisubiri usaili wa kazi ya kompyuta. Mtayarishaji alikuja kumtafuta Guy Kewney, mwandishi wa teknolojia, aliyekuwa akisubiri mapokezi mengine. Goma alijikuta hewani, moja kwa moja, akiulizwa kuhusu hukumu ya kesi ya Apple. Alijibu kwa heshima kadiri alivyoweza. Baadaye alifanyiwa usaili wake wenyewe, na kazi hakuipata. Kosa lilikuwa la chumba cha habari: jina moja tu, halikuthibitishwa.

Ukigundua kosa ukiwa umeshatoka, kwa mfano ulitaja mwaka usio sahihi wa sheria, tuma ujumbe kabla ya siku kuisha. Usiombe radhi kurasa mbili. "Kwenye usaili wa leo nilisema Sheria ya Huduma za Habari ni ya mwaka 2015. Sahihi ni 2016." Weka jina lako na namba ya usaili, basi.