Maswali ya Wasomaji: Nguzo, Mabomba na Nyaya Zinapopisha Barabara

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu ujenzi wa barabara na huduma zinazopita kandokando yake au chini yake. Tumechagua nne, na mhandisi wa safu hii anazijibu.

Swali: Ndugu Mhandisi, barabara ya mtaani kwetu iliwekwa lami nzuri, lakini kabla hata mistari yake haijafifia imekatwa ili kuvusha bomba la maji. Je, hakuna anayezipanga kazi hizi? — Msomaji, Temeke.

Jibu: Ndugu msomaji, wanaopanga wapo, ila kila mmoja anapanga kwa kalenda na bajeti yake. Mamlaka ya maji inaweza kupata fedha za bomba mwaka mmoja baada ya barabara kukamilika, na kwa kuwa haikuachiwa njia ya kupita, inalazimika kukata. Dawa yake ni kulaza mabomba matupu ya kuvushia chini ya barabara kabla ya lami, hasa kwenye makutano, kisha kuziba ncha zake na kuonyesha mahali yalipo kwenye mchoro. Gharama ya kufanya hivyo wakati udongo bado uko wazi ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kuikata lami. Tena mkato huo, hata ukizibwa kwa nia njema, mara nyingi huwa mwanzo wa shimo, kwa sababu kifusi hurudishwa kwa mkupuo badala ya kushindiliwa katika tabaka za sentimita 15 hadi 20, na mvua ya kwanza hupenya hapohapo.

Swali: Mimi ni mtumishi wa halmashauri. Tumeagizwa kuuhuisha mwongozo wetu wa kuhamisha miundombinu ya huduma wakati wa kazi za barabara. Uliopo unaeleza zaidi fomu za kujaza na barua za kuandikiana. Tuongeze nini? — Mtumishi, Morogoro.

Jibu: Ndugu mtumishi, nashukuru kwa swali hili, kwa sababu miongozo mingi niliyoisoma huanza pale ambapo uharibifu umeshaanza, yaani mkandarasi akiwa tayari amekabidhiwa eneo la kazi. Ningeomba sura ya kwanza ya mwongozo wenu iulize kama kuna ulazima wa kuhamisha. Mara nyingine kusogeza mtaro wa maji ya mvua kwa mita moja, au kubadili kina chake, kunaokoa bomba kuu lote. Lakini mabadiliko hayo ni rahisi tu wakati barabara ingali kwenye karatasi.

Sura ya pili iwe ya kujua kilichomo ardhini, na hapa naomba msibane kurasa. Chama cha Wahandisi Ujenzi cha Marekani kilitoa mwaka 2002 kiwango cha kazi hii, kikakihuisha mwaka 2022, na msingi wake unafaa popote: taarifa za chini ya ardhi zigawanywe katika ngazi nne kulingana na uhakika wake. Ya chini kabisa ni ya kumbukumbu na michoro ya zamani. Inayofuata ni ya kulinganisha michoro hiyo na vinavyoonekana juu, kama vile chemba, valvu na nguzo. Ya tatu ni ya kupima kwa vifaa bila kuchimba. Ya juu kabisa ni ya kuchimba, kukifunua kitu chenyewe na kupima kina chake. Mchoro wa barabara unaoonyesha bomba bila kusema limejulikana kwa ngazi ipi unamdanganya mkandarasi hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya. Niliwahi kusimama kwenye mtaro ambamo bomba lililochorwa upande wa kushoto wa barabara lilikutwa upande wa kulia, tena baada ya meno ya kijiko cha mtambo wa kuchimbia kulipasua, na mtaa ule ulilala bila maji.

Vifaa vya kupimia navyo vina mipaka yake, na mwongozo uitaje. Kifaa cha kutafuta nyaya na mabomba ya chuma hakiwezi kuliona bomba la plastiki lililolazwa bila waya wa kulitambulisha. Rada ya ardhini hudhoofika kwenye mfinyanzi wenye unyevu na kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo wenzenu wa pwani waitegemee kwa tahadhari. Penye mashaka, lichimbwe shimo la majaribio kwa mkono. Wapo watakaosema kwamba fedha hazitoshi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue uliochapishwa mwaka 1999, ambao ulichunguza miradi 71 ya barabara nchini Marekani, ulionyesha kwamba kila dola 1 iliyotumika kuchunguza huduma za ardhini iliokoa dola 4.62. Siahidi kiasi hichohicho Morogoro, lakini sioni kwa nini mwelekeo uwe tofauti.

Kisha upangeni mfuatano wa kazi. Mabomba ya majitaka hutegemea mteremko, hayawezi kupanda na kushuka kukwepa vitu vingine, hivyo ndiyo yapewe nafasi kwanza. Ya maji safi, ambayo husukumwa kwa shinikizo, yanaweza kupinda, na nyaya zinapinda kwa urahisi zaidi. Bomba jipya lijaribiwe kwa shinikizo na kusafishwa kwa klorini kabla ya la zamani kufungwa. Kwa umeme na mkongo wa mawasiliano, saa za kuzima zikubaliwe na kutangazwa mapema, hospitali na pampu za maji zikitajwa kwa majina katika orodha ya wasiostahili kushtukizwa.

Mwisho, zuieni malipo ya mwisho ya kazi ya uhamishaji mpaka michoro ya mahali vilipowekwa vitu, pamoja na kina chake, iwe imekabidhiwa na kukaguliwa. Msipofanya hivyo, atakayepanua barabara hiyo baada yenu ataanza gizani kama mlivyoanza ninyi.

Swali: Nani hulipa gharama za kuhamisha nguzo: mwenye barabara au mwenye nguzo? — Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam.

Jibu: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaifanya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, kuwa ya barabara kwanza; huduma nyingine huwekwa humo kwa kibali cha mamlaka ya barabara. Kwa hiyo jibu huanzia kwenye masharti ya kibali. Ugumu unatokana na upana. Hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Chukulia nguzo iliyosimikwa mwaka 1995 mita 25 kutoka katikati: siku ile ilikuwa nje ya hifadhi, leo imo ndani, na haijasogea hata hatua moja.

Kwa nyumba, wananchi wanaijua tofauti hii kwa rangi ya alama ya X: nyekundu kwa aliyekuwa ndani ya mita 22.5, asiyelipwa, na kijani kwa yule ambaye hifadhi ndiyo iliyomfuata, anayestahili fidia. Maoni yangu ni kwamba nguzo na bomba vipimwe kwa mstari huohuo, na mwongozo uliandike hilo waziwazi. Katika miradi mingi fungu la kuhamisha huduma huwekwa ndani ya mkataba wa barabara kama makadirio ya awali yatakayorekebishwa baadaye, na kama uchunguzi haukufanyika, makadirio hayo ni ya kubahatisha. Mabishano kuhusu mlipaji yakikawia, barabara ndiyo inayolipa zaidi: chini ya mikataba ya FIDIC, yaani ile ya mfano inayotolewa na shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mwajiri (mwenye mradi) asipomkabidhi mkandarasi eneo la kazi kwa wakati, mkandarasi anaweza kudai nyongeza ya muda pamoja na gharama. Kwa hiyo nashauri pande hizo zitie saini makubaliano ya gharama kabla ya zabuni kutangazwa.

Swali: Bomba linaloingia kwangu litahamishwa wiki ijayo. Mimi mwenye nyumba nifanye nini? — Mama wa watoto watatu, Mwanza.

Jibu: Mama, kwanza waombe wahusika, au mwenyekiti wa mtaa kwa niaba yenu, tarehe na saa za kukatwa kwa maji kwa maandishi, kisha hifadhi maji ya kutosha kwa siku moja zaidi ya walizotaja. Piga picha ya mita ikionyesha namba ya mita na usomaji wake kabla ya kazi kuanza, na upige nyingine baada ya kuunganishwa upya. Maji yakirudi, fungua kwanza koki ya nje, uyaache yatiririke hadi yawe meupe kabla ya kuyaruhusu kuingia kwenye tangi, na watoto wasinywe hadi yamechemshwa. Siku hiyohiyo funga koki zote, uitazame mita: ikiendelea kuzunguka, kuna kiungo kinachovuja, na ni afadhali uwaite mafundi kabla hawajafukia mtaro.