Usiisukume Protini Mlangoni

Kwa miezi minne nilihangaika na kipande cha kingamwili ndani ya bakteria E. coli, kwenye maabara yetu ndogo hapa Tanga. Bakteria walikitengeneza kwa wingi, lakini kila nilipowapasua nilikuta madonge yasiyoyeyuka. Kipande kile hushikiliwa na madaraja ya salfa, na ndani kabisa ya bakteria madaraja hayo hayafungiki vizuri. Hufungika kwenye periplazimu, nafasi nyembamba kati ya utando wa ndani na wa nje, ambako kimeng'enya DsbA hufanya kazi hiyo. Lazima basi protini ivushwe.

Kivusho ni peptidi ishara: amino asidi 20 hivi mwanzoni mwa protini, zinazoipeleka kwenye mlango wa utando uitwao Sec. Ikishavuka, kimeng'enya kingine huikata ishara. Günter Blobel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kugundua kwamba protini hubeba anwani yake yenyewe. Watu wa bandari kama sisi hatuhitaji maelezo marefu hapo.

Niliunganisha PelB, ishara ya amino asidi 22, nikadhani nimemaliza. Jeli, inayotenganisha protini kwa uzito, ikanionyesha mistari miwili iliyokaribiana, wa juu ukiwa mzito zaidi kwa kilodaltoni 2 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli). Huo wa juu ni protini ambayo bado ina ishara yake, haijavuka. Ukiuona, tafadhali usikimbilie kulaumu ishara. Mimi nililaumu, nikapoteza wiki tatu. Tatizo lilikuwa pupa: nilichochea kwa milimola 1 kwa lita ya IPTG, kemikali inayowaamuru bakteria waanze kutengeneza protini, kwenye nyuzi 37, protini zikafurika na milango ikaelemewa. Niliposhusha hadi milimola 0.1 na nyuzi 25 usiku kucha, mstari wa juu ukafifia. Bakteria walikuwa wachache, lakini protini inayofanya kazi iliongezeka.

Ikikwama hata hapo, badilisha ishara. Jaribu ishara ya OmpA, au ya DsbA, ambayo huvusha protini ingali inatengenezwa, hivyo huzifaa zile zinazojikunja upesi. Kagua pia amino asidi zinazofuata mara tu baada ya pa kukatia. Zikiwa na chaji chanya nyingi, kuvuka huwa kugumu. Hakuna ishara inayofaa protini zote, kwa hiyo tangu mwanzo andaa plazmidi tatu (vipande vya DNA vya duara vinavyobeba jeni), kila moja na ishara yake.

Kuitoa periplazimuni, loweka bakteria kwenye sukrosi ya asilimia 20 na EDTA, kemikali inayolegeza utando wa nje, wazungushe kwenye sentrifuji, kisha wamwagie ghafla maji yenye magnesiamu kidogo. Maji yawe baridi kwelikweli, maana vimeng'enya vinavyokula protini huwa vimetoka nayo. Kaskazi inapovuma, maji ya bomba la Tanga ni vuguvugu. Siku moja umeme ulikatika tangu alfajiri, nikachukua bodaboda hadi soko la samaki la Deep Sea, nikarudi na ndoo ya barafu na kuzika mirija yangu humo hadi shingoni. Jioni umeme uliporudi, jeli ilitoa mstari mmoja.