Moto wa Manjano Jikoni

Swali: Moto wa jiko langu la gesi, ambao zamani ulikuwa wa buluu, sasa ni wa manjano, na sufuria zinashika masizi. Je, nimeuziwa gesi mbovu? Msomaji, Umoja, Nairobi.

Jibu: Kabla ya kumlaumu muuzaji, kagua vichomeo, kwa maana moto wa manjano aghalabu huonyesha kwamba gesi haipati hewa ya kutosha, na mara nyingi chanzo ni uji au mchuzi uliofurika ukakaukia kwenye matundu. Funga mtungi, acha jiko lipoe, kisha uvitoe vichomeo, uvisugue kwa maji ya sabuni, uzibue kila tundu kwa sindano bila kulipanua, na uvikaushe kabisa kabla ya kuvirudisha. Rangi isipobadilika, mwite fundi, wala usipike madirisha yakiwa yamefungwa, kwani moto huo unaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Mpira nao upakwe povu la sabuni mtungi ukiwa wazi na moto umezimwa. Mapovu yakifura, gesi inavuja. (Wapo wanaopima kwa kiberiti, jambo la hatari kupindukia.) Ikivuja, funga mtungi, fungua milango na usiguse swichi yoyote, kwa kuwa cheche yake inaweza kuiwasha gesi hiyo, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni.