Ada ya umoja wa maktaba: kabla hamjaikata, muulizeni mtu wa TEHAMA

Mkuu, umesema chuo chenu ni kidogo, bosi anataka kuifuta ada ya COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti Tanzania, kwenye bajeti kwa sababu "majarida siku hizi ni ya bure". Nimekaa dawati la rasilimali za kielektroniki miaka kumi na moja, chuo cha mkoani kama chenu, na hilo swali huwa linarudi kila bajeti.

Bosi wako hajakosea sana. Tanzania tuko kundi A la Research4Life, mpango unaozipa nchi za kipato cha chini majarida ya utafiti bure au kwa bei nafuu, kwa hiyo Hinari ya mambo ya afya na AGORA ya kilimo hamlipi hata senti. Ila si kila mchapishaji yumo humo, na walimu wenu wakianza kuulizia jarida lililobaki nje, mtaenda kulinunua kwa bei ya dukani. Zamani INASP, shirika la Uingereza la kusaidia utafiti, ndio waliotubebea mazungumzo ya bei na wachapishaji, tangu mpango wao wa PERI ulipoanza 2002. Siku hizi tunajadiliana wenyewe kupitia umoja, na chuo cha wanafunzi elfu moja na ushee kikienda peke yake hakuna atakayekishughulikia.

Haya, nikupe kisa. Mwaka mmoja chuo chetu kilibadilisha kampuni ya intaneti. Vijana wa TEHAMA walifunga mitambo wikiendi, Jumatatu tukakuta intaneti inakimbia ajabu, nami nikawapongeza. Hakuna aliyekumbuka kwamba mchapishaji anatutambua kwa anwani za IP, zile namba za mtandao wa chuo, na alizokuwa nazo yeye ni zile za zamani. Mwanafunzi akibofya makala anaambiwa alipe dola thelathini na kitu. Wote wakadhani chuo hakijalipa. Unadhani kuna aliyekuja kaunta kulalamika? Hata mmoja. Nilishtuka nilipofungua ripoti ya matumizi nikakuta safu ya Machi ni sifuri tupu, kutoka juu mpaka chini, na pesa tulishalipa.

Nilimwandikia mchapishaji mara tatu, mara zote nikajibiwa na mashine. Jioni nikampigia mwenzetu mmoja anayeratibu mambo ya umoja, yuko chuo kingine kabisa. Alikuwa na namba ya mtu anayehusika na kanda yetu. Kesho yake saa nne asubuhi makala zikawa zinafunguka. Nikiulizwa ada inanunua nini, huwa natoa mfano huo kabla ya kutaja idadi ya majarida.

Kinachogombanisha watu ni mgao wa ada. Wadogo wanataka kila chuo kilipe kwa idadi ya wanafunzi, wakubwa wanasema mbona wanabebeshwa mzigo wa wengine. Mimi ni mdogo lakini nakubali kuwe na kiwango cha chini ambacho hakuna anayekikwepa, maana wakubwa wakichoka wakajitoa, tutakaoumia ni sisi. Na mlipe mapema. Kuna mwaka wachache walichelewa na mchapishaji akatuzimia wote, hata sisi tuliolipa Januari.

Kuazimana vitabu nako, tuseme ukweli, kupo zaidi kwenye makaratasi. Nimefanikisha mara chache, na kila mara kwa kujuana. Kitabu kimoja cha mwanafunzi wa uzamili kilikuja kwa basi ndani ya bahasha ya kaki, nikakisainia kwa jina langu mwenyewe. Kilirudi kimepigiwa mistari kwa kalamu ya bluu, sura mbili nzima. Yule mkutubi wa chuo jirani aliyetuazima hakuniambia kitu, lakini hajaniazima tena. Ila hao hao majirani ndio waliotutumia kijana wao akatufungia Koha, programu ya bure ya kuendesha maktaba, kwa siku tatu, sisi tukatoa nauli na chakula tu.

Kwa hiyo kabla ya kikao, kaa na mtu wa TEHAMA mlinganishe anwani za IP mnazotumia leo na zile walizonazo wachapishaji. Kisha omba ripoti za matumizi za miaka miwili, gawanya ada kwa makala zilizopakuliwa, uone makala moja inawagharimu shilingi ngapi. Ukikuta miezi ya sifuri, usimpelekee bosi kwanza, tafuta nani alibadilisha nini. Ripoti ukiipata ilete hapa tuisome pamoja, ila bei za mikataba ziache nyumbani, nyingi zina kifungu cha usiri.