Lupita hakuibuka tu 2013
Wapo wanaodhani mwigizaji Lupita Nyong'o aliokotwa tu na Hollywood. Hapana bwana. Filamu ya The Constant Gardener (iliyotoka 2005) ilipopigwa picha Kenya, Lupita alikuwepo, ila nyuma ya kamera, msaidizi wa kutumwa huku na kule. Alipomwambia Ralph Fiennes, nyota wa filamu hiyo, kwamba anataka kuigiza, jamaa hakumpamba: aigize tu kama hawezi kuishi bila kazi hiyo. Mwaka 2009 akacheza Ayira kwenye tamthilia ya TV ya Shuga, na mwaka huohuo akatoa In My Genes, filamu aliyoiongoza mwenyewe kuhusu Wakenya wenye ualbino. Hiyo wengi hawaijui, na kwangu ndiyo inayoonyesha alivyo. Ndipo akasomea uigizaji Yale, akapata nafasi ya Patsey kwenye 12 Years a Slave, filamu ya 2013. Machi 2014 akabeba Oscar kwa nafasi hiyo.