Operesheni haikuwa ya kumfanya aone, baba

Waalaikum salaam mwanangu. Voisi yako nimeisikia. Unasema "mama ivi kweli umeuza mbuzi umtibu mbwa kipofu, na operesheni imeisha bado haoni, sasa faida iko wapi?" Naona dada yako hajachelewa kukufikishia umbea. Ngoja nikuandikie, mana nikikupigia utanikatiza.

Kwanza hela yako ya bati sijaigusa, tulia. Nimetumia mgao wangu wa vikoba na yule beberu aliyekuwa anatafuna kanga za watu kwenye kamba, ambae hata ungekuwepo ungenishauri nimuuze.

Huyo mbwa, Popi ndo jina lake, alikuwa anashinda pale soko la machungwa, si unajua malori yanavyopakia pale, siku hiyo lori linarudi rivasi honi zinapigwa na yeye kakaa palepale anageuza kichwa huku na huku hajui akimbilie wapi, vijana wanacheka, mi nikamvuta kwa gunia. Kwa gunia sio kwa mkono, mana mbwa usiyemjua kitu cha kwanza ni kuogopa kichaa. Nikamfunga nyuma kwenye banda la kuku la zamani, wajukuu marufuku kusogea, nikamuita bwana mifugo. Akamuangalia, baadae akamchoma chanjo ya kichaa, ila kuhusu macho akaniambia mama huyu tumpige sindano alale moja kwa moja, afe tu. Simlaumu, yeye kazi yake ng'ombe na mbuzi.

Mi nikakodi kirikuu tukaenda Tanga mjini kwa daktari wa mifugo anaetibu mbwa na paka (daladala wapi, konda aliona gunia linahema akafunga mlango). Yule dokta alidondosha kipande cha pamba mbele ya pua yake, mbwa anayeona angekifuata kwa macho, Popi hata hakutikisika. Akamulika tochi, hakuna kitu. Afu akabonyeza jicho la kulia taratibu kwa kidole juu ya kope, akaniambia na wewe mama vaa glavu uguse. Gumu kama ndimu changa. Na mbwa akalia. La kushoto lilishanywea zamani, ukiligusa hana habari.

Sasa hapo ndo jibu la swali lako. Wewe unadhani ni mtoto wa jicho, kwamba wanatoa ule ukungu mtu anaona. Hapana. Hii ni presha ya macho. Jicho linatengeneza maji yake kila saa na lina kinjia chake cha kuyatolea, kwa Popi, dokta alisema ni ugonjwa wa kupe, kupe akishampa mbwa ule ugonjwa damu inaharibika na ndani ya jicho panavimba, kinjia kinaziba, maji yanaendelea kuingia hayatoki, jicho linafura mpaka mshipa wa kuonea unakufa. Ukishakufa hakuna dawa ya kuurudisha. Lakini maumivu yanabaki, yani upofu umeshamaliza kazi yake ila presha bado inagonga. Operesheni ni kulitoa jicho lenyewe, wanashona kope zinafungana basi. La kushoto wameliacha, haliumi.

Unamkumbuka bibi yako alivyokuwa anafunga kichwa kwa kanga, anatapika, sie tunasema malaria, anapewa dawa za malaria? Ilikuwa presha ya macho ile. Wewe ulikuwa mdogo, mi ndo nilikuwa nakesha nae. Kwahiyo nilipomkuta Popi kasukumiza kichwa kwenye ukuta wa banda hataki hata dagaa, sikuhitaji dokta kunieleza.

Ila hawakumpasua siku ile. Damu yake ilipopimwa zile chembe za kugandisha damu zilikuwa chini, ukimkata hivyo anaweza kutoka damu isikate. Akaandikiwa doksisaiklini, ambayo kawaida ni wiki nne, na matone ya jicho na dawa ya maumivu ya mbwa. Jirani akaniambia mpe diklopa tu, nikamwambia weee, dawa zetu hizo diklofenaki na ibuprofeni zinamtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Vidonge namfichia ndani ya tonge la ugali na dagaa, lazima ale mana kidonge kikikwama kooni kinamchoma. Zile chembe zilivyopanda ndo wakamfanyia, usiku wake hakupewa chakula, asubuhi sindano ya usingizi, jioni tukarudi nae analewalewa. Ile kola ya plastiki ya kumzuia asijikune hawakuwa na saizi yake, mjomba wako akakata ndoo ya rangi ya lita kumi, akaitoboa akapitisha kamba, akawa anagonga kila mlango na ile ndoo, tulicheka jamani.

Na usione nimesahau dini. Analala nje, chombo chake mbali, glavu na nguo ya kumhudumia zipo peke yake, akinigusa na mate naosha mara saba moja kwa udongo kama sie Mashafii tulivyofundishwa. Maalim alipita akauliza, nikamuonyesha banda, akasema mbwa wa ulinzi hana shida, akaniombea dua akaenda zake.

Sa hivi anakula, anabweka akisikia mtu getini, na mbwa wenye macho walikuwa hawabweki. Uwanja ameushika wote kwa pua na miguu, anazunguka kisima bila kugusa. Shida ni watu wanaohamisha vitu, dada yako juzi kaweka beseni njiani mbwa kajigonga, nikamgombeza yeye.

Ukija Idd muite jina kabla hujamsogelea, usimshike ghafla atakung'ata kwa kushtuka, na wanao uwaambie hivyohivyo. Afu pitia duka la dawa za mifugo huko Dodoma uniulizie bei ya ile dawa ya kupe ya kumeza, huku hawana. Na fundi wa bati anaanza Jumatatu, anataka misumari ya kofia, hiyo nayo utume.

Mama yako